Darasa la Saa Moja Usiku

Mwanafunzi wangu wa kwanza kuacha masomo aliacha siku ya tatu. Alikuwa mama wa makamo, muuza vitenge wa Kariakoo, na siku zote tatu alitangulia kufika na kukaa benchi la mbele. Nilimwomba asimame aeleze biashara yake. Akaanza vizuri tu. Alipofika kwa mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa akimfuatia mzigo bandarini, akasema "she". Nikamkatiza: "He!" Akarudia sentensi kutoka mwanzo, akaangukia palepale. Nikamkatiza tena, safari hii kwa sauti ya juu kidogo, na kijana mmoja wa nyuma akacheka. Mama akakaa. Hakufungua kinywa tena mpaka kipindi kikaisha. Akaliweka daftari lake kwenye mkoba, akaniaga kwa adabu zote, na sikumwona tena darasani.

Nilikuwa na miaka 26, cheti kipya cha ualimu na imani kwamba kosa lisiposahihishwa papo hapo linaota mizizi. Ninayoandika hapa ningependa mtu angeniambia wiki ile. Nawaandikia walimu wanaoanza kazi kwenye shule binafsi za lugha, zile za chumba kimoja au viwili juu ya maduka, zenye madarasa ya jioni, ubao mweupe na maka peni mbili zinazokaribia kukauka. Nimefundisha Dar es Salaam, kwa hiyo mifano yangu ni ya Dar. Mwenzangu wa Arusha au Mombasa atajua mwenyewe pa kurekebisha.

Tuanze na aibu, maana ndiyo inayofunga madarasa. Katika miaka yote hii sijamwona mtu mzima aliyekimbia sarufi. Wanakimbia aibu, na wanakimbia foleni. Foleni nitaifikia.

Aibu hii ina historia yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mtoto wa Kitanzania katika shule za umma husoma msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi. Akivuka kuingia kidato cha kwanza anakuta baiolojia, jiografia na hesabu zote zimegeuka Kiingereza kati ya Desemba na Januari. Wengine walimaliza miaka minne wakinakili ubaoni bila kuuliza swali hata moja, kwa sababu swali lenyewe lilitakiwa kuulizwa kwa Kiingereza. Wapo waliovishwa kibao shingoni kwa kukutwa wakizungumza Kiswahili uwanjani. Na wapo walioishia darasa la saba, ambao tangu hapo wamekuwa wakiamini kwamba Kiingereza ni mali ya waliofaulu. Mtu wa miaka 45 anapopanda ngazi za shule yako, anarudi mahali alipowahi kudhalilishwa. Amelipa ada kwa jasho lake kuja kuonwa tena kama mtoto. Ukimpa sababu ndogo tu, atashuka ngazi zilezile.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, na nalitaja kwa sababu vijana wengi wanadhani halihusiani na kufundisha: wasalimie. Kama mwanafunzi ni rika la mama yako, mpe shikamoo yake mlangoni, kwa Kiswahili, kabla ya kipindi. Mwite Mama au Mzee, au jina la mwanawe kama ndilo analoitwa mtaani. Ukishaingia darasani utamwita kwa jina lake na kumwambia "you" kama unavyowaambia wote, naye hatachukia, maana heshima yake ameshaipokea nje. Nimewaona walimu vijana wakianza na "Good evening class, stand up!" kwa watu wenye wajukuu. Darasa husimama kweli. Ila hesabu vichwa wiki inayofuata.

Jambo la pili ni mahojiano ya kwanza. Shule nyingi humpa mgeni karatasi ya maswali 50 ya kujaza nafasi. Mimi karatasi ile niliiacha. Namkalisha mtu pembeni dakika kumi, tunaongea Kiswahili, namuuliza mambo matatu tu. Mara ya mwisho Kiingereza kilikukwamisha wapi, na mbele yako alikuwa nani? Ulitaka kusema nini ukashindwa? Una lugha gani nyingine, na ulizipataje?

Majibu ya swali la kwanza ndiyo mtaala wangu. Fundi simu alikwama mbele ya video ya intaneti inayofundisha kubadilisha kioo. Dereva wa lori alikwama mpakani Tunduma, upande wa Zambia, akijieleza kuhusu karatasi za mzigo. Mzee mmoja mstaafu alikwama mbele ya mjukuu wake wa miaka sita aliyezaliwa Uingereza, ambaye kila Jumapili hutokea kwenye simu, akaongea, akacheka, akaondoka, na babu hajaambulia kitu. Ukiwapa watu hawa watatu kitabu kimoja kinachoanza na familia ya London inayokwenda kupumzika ufukweni, umewapotezea muda wote watatu kwa usawa.

Swali la tatu nilifundishwa na yule mama wa vitenge. Miezi kadhaa baadaye nilipita dukani kwake bila kujua ni kwake. Alikuwa na mteja kutoka Kinshasa. Akimtajia bei kwa Kifaransa, akimtania kwa Kilingala, mteja anacheka huku anahesabu noti. Nilipomuuliza alijifunza wapi, akapigapiga kaunta kwa kiganja. Huyu ndiye niliyekuwa nimemwandika kwenye daftari langu "mzito wa lugha". Tanzania mtu wa kawaida ana lugha mbili kabla hajajua kusoma. Kila mtu mzima anayekuja kwako tayari ana njia yake ya kujifunza lugha, njia iliyokwisha kufaulu. Muulize ni ipi. Wengine watakuambia walijifunza kwa kusikiliza redio, wengine kwa kugombezwa na mama mkwe. Jengea hapo.

Wala hili si geni kwetu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka hiyohiyo, kwenye mradi wa majaribio ulioendeshwa na UNESCO pande za Mwanza, watu wazima walisomeshwa kwa vitabu vilivyoandikwa kuhusu pamba, ndizi na uvuvi, kila mtu na kazi yake. Kisomo chenye manufaa, ndivyo kilivyoitwa. Tulijua zamani kwamba mkulima wa pamba anajifunza herufi haraka zaidi zikiwa zimebeba pamba. Sijui kwa nini tulipofika kwenye Kiingereza tukarudi kwa familia ya London.

Sasa hesabu kidogo, kwa sababu ya matangazo. Shule niliyoanzia ilikuwa na bango kubwa barabarani: Kiingereza fasaha kwa miezi mitatu. Nilikuwa nikipita chini yake kila jioni bila kuona tatizo, mpaka nilipokaa na kalamu. Ulaya wana ngazi sita za kupima lugha, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea, zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Cambridge, ambao hutunga mitihani inayofuata ngazi hizo, hukadiria kwamba anayeanza sifuri huhitaji saa 90 hadi 100 za kufundishwa ili kufika A1, saa 180 hadi 200 kufika A2, na saa 350 hadi 400 kufika B1, ambapo mtu anaweza kujitegemea safarini na kazini kwa mambo ya kawaida. Darasa letu lilikuwa saa moja na nusu, siku tano kwa wiki. Wiki 12 ni saa 90. Yaani bango liliahidi ufasaha, na hesabu ilitoa ngazi ya kwanza, tena kwa asiyekosa hata siku moja. Kufika B1 kwa mwendo ule ni mwaka mzima.

Mweleze mwanafunzi hesabu hii siku ya kwanza. Mwenye shule atakununia, lakini faida yake utaiona mwezi wa tatu. Aliyeahidiwa ufasaha akijikuta bado anababaika, hujilaumu yeye, huamini ile sauti ya zamani kwamba kichwa chake ni kizito. Aliyepewa hesabu ya kweli anajua yuko palepale anapotakiwa kuwa. Halafu mwahidi kitu kidogo unachoweza kukitimiza: baada ya wiki sita utaweza kupokea simu ya mteja, ukachukua oda na kurudia bei bila kukosea.

Hapa nafika kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Mwalimu wa Kiingereza Dar es Salaam ana hazina ambayo mgeni mwenye shahada zake hana: anajua Kiswahili, kwa hiyo anajua kosa linatoka wapi. Yule mama hakuwa hajui tofauti ya mwanamume na mwanamke. Kiswahili kina "yeye" mmoja tu, kwa mume, mke, mtoto na shangazi. Kichwa chake hakijawahi kulazimishwa kuchagua katikati ya sentensi. Ukilijua hilo huwezi kumkatiza kwa hasira. Unampa muda. Mimi siku hizi natenga wiki nzima tunazungumzia kina baba, kaka na waume tu, kila mtu na picha ya simu yake, kisha wiki ya kina mama, na wiki ya tatu ndipo tunachanganya. Mpaka mwisho bado watateleza. Na mimi huteleza nikichoka.

Saa ndiyo yenye kuumiza zaidi, maana inakula pesa. Mwanafunzi wangu mmoja, dereva wa watalii, alimwambia mgeni gari litafika "two o'clock". Alimaanisha saa mbili asubuhi. Mgeni akashuka baada ya chakula cha mchana, akiwa na begi lake, amependeza, na gari lilikwisha kuondoka tangu asubuhi. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, wao tangu usiku wa manane, na tofauti ni saa sita. Usiwaambie wajumlishe sita au watoe sita. Mtu mwenye mteja mbele yake hana nafasi ya hesabu. Chora uso wa saa ubaoni na mwonyeshe namba inayotazamana na nyingine: moja inatazamana na saba, mbili na nane, tatu na tisa. Anachotakiwa kufanya ni kuruka upande wa pili. Nimeona nyuso zikifunguka kwa mchoro huo mmoja kuliko kwa kurasa kumi za kitabu. Wazee wa pwani watakuongezea jambo la siku kuanza machweo, na usiku wa Ijumaa kuwa ule unaofuata Alhamisi jioni. Wasikilize, lakini lisikupotezee kipindi.

Kisha kuna ndiyo na hapana. "Hutaki sukari?" Mswahili asiyetaka hujibu "ndiyo", yaani ni kweli, sitaki. Mwingereza asiyetaka atajibu "no". Sasa mweke mhudumu wetu kwenye hoteli ya Zanzibar, anamuuliza mgeni "You don't want sugar?", mgeni anasema "No", mhudumu anaelewa si kweli kwamba hataki, basi anatia sukari vijiko viwili. Fundisha watu wa hoteli kuuliza bila ukanushi. Ni rahisi kuliko kuwabadilisha kichwa.

Na "nakuja"! Tunaisema huku tunaondoka, tukimaanisha ngoja kidogo nitarudi. Mtu wa mapokezi anamwambia mgeni "I am coming" na kutokomea mlango wa nyuma, mgeni anabaki ameduwaa. Au "pole". Mgeni amejikwaa, mwanafunzi wako kwa huruma anasema "sorry, sorry", na mgeni anamuuliza kwani wewe ndiye uliyenisukuma? Liambie darasa wazi kwamba Kiingereza hakina pole. Wataona ni lugha ya watu wakavu, na kidogo watakuwa na haki, lakini hawatashangaa tena. Kinyume chake, sisi adabu tunaibeba ndani ya kitenzi na sauti: naomba maji, nisaidie kalamu. Mwanafunzi akitafsiri anapata "I beg water", ambayo inachekesha, au "Give me water", ambayo inaudhi. Adabu yao imekaa mwanzoni mwa sentensi, kwenye "Could I" na "Would you". Ifundishe wiki ya kwanza, kama kifungu kizima, bila kukichambua. Sarufi yake itakuja yenyewe baadaye, au isije.

Kuna hili la "-me-", ambalo vitabu vya Ulaya haviwezi kuligusa kwa kuwa havijui lipo. Mwanafunzi amefundishwa kwamba "nimekula" ni "I have eaten". Sawa. Basi "nimesimama" anaifanya "I have stood", na "amevaa koti" inakuwa "he has worn a coat". Kumbe kwa vitenzi vya hali, kama kusimama, kukaa, kulala, kuvaa na kuchoka, "-me-" yetu inaeleza hali iliyopo sasa hivi, na Kiingereza hapo kinataka "I am standing", "he is wearing", "she is asleep". Andika vitenzi hivyo kwenye karatasi kubwa ubandike ukutani. Sijaona kosa lililo gumu kuondoka kama hili kwa watu wanaojua Kiingereza kingi. Hata kwenye hotuba za wakubwa utalisikia.

Wauguzi wana lao. Mkono kwa Kiswahili ni kuanzia begani mpaka vidoleni, mguu vilevile kuanzia nyongani, na kidole ni cha mkono na cha mguu. Kiingereza kimekata viungo hivyo vipande vipande na kila kipande kina jina. Kwenye ripoti ya mgonjwa tofauti ya "hand" na "arm" si mapambo. Na sote tunasikia njaa, baridi na harufu kwa sikio lilelile; Kiingereza hakisikii chochote kati ya hivyo.

Kuhusu matamshi nitakuwa mfupi kwa sababu walimu wengi wanayapa uzito usiostahili. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza cha London kina sauti za irabu zipatazo 20, na mtu wa miaka 40 hatazipata zote, wala hazihitaji zote. Anayesema "thamani" na "dhahabu" vizuri tayari ana sauti mbili zinazowasumbua Wafaransa. Anayesema "samani" akimaanisha thamani atasema "sink" akimaanisha "think", na wa kumsaidia kwanza ni mwenzake wa Kiswahili aliye pembeni yake. Pigania mambo mawili. Moja, neno lisiongezwe irabu mwishoni, tabia tunayoipata kwenye shati, benki na blanketi. Pili, mkazo. Sisi karibu kila neno tunalikazia silabi ya pili kutoka mwisho, wao mkazo unahamahama, na mara nyingi mgeni anashindwa kumwelewa mtu kwa sababu ya mkazo uliokaa vibaya, hata kama kila sauti ni sahihi. Wapigishe makofi. Watu wazima wanapenda makofi, ingawa dakika ya kwanza wataona haya.

Mkazo huohuo ndio unaotenganisha 15 na 50, na hapo nakuletea kipindi kimoja kamili, kinachonipa faida kila ninapokirudia. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanafuata mzigo Guangzhou, Yiwu, Dubai na Istanbul. Angalia orodha hiyo: hakuna hata mji mmoja wa Waingereza. Mwanafunzi wako atatumia Kiingereza na Mchina, Mturuki au Mhindi ambaye naye alikipata ukubwani, naye anababaika. Hii ni habari njema, waambie. Hakuna atakayewacheka.

Naleta darasani mzigo wa kweli: viatu jozi moja, taa ya kichwa ya pikipiki, kitenge, betri. Nusu ya darasa wauzaji, nusu wanunuzi, kila mnunuzi ana kikokotoo cha simu, kama ilivyo kule. Maneno ni machache na yanajulikana: sampuli, katoni, dazeni, malipo ya awali, salio, siku ya kupakia, meta za ujazo. Tunayasema kwanza kwa Kiswahili tukibishana maana yake, kwa sababu kuna wazoefu wanaojua kuliko mimi jinsi kontena la futi 40 linavyojazwa, na hapo mwalimu ananyamaza na kujifunza. Halafu biashara inaanza kwa Kiingereza. Sharti ni moja: kila tarakimu inayotajwa lazima irudiwe na upande wa pili na kuandikwa. Muuzaji akisema 15 na mnunuzi akaandika 50, tunasimamisha soko zima na kupiga hasara ubaoni, kwa shilingi, katoni 200. Kelele inayotokea hapo hakuna kitabu kinachoweza kuileta. Wiki ya pili naongeza mgogoro: mzigo umefika, rangi siyo. Andika ujumbe wa kulalamika bila kuvunja uhusiano.

Wakati haya yanaendelea mimi nafanya nini? Nazunguka na kidaftari. Sikatizi mtu. Kukosea lugha mtaani tunaita kuchapia, na darasani kwangu kuchapia ni ruhusa, imeandikwa juu ya ubao. Naandika makosa ninayoyasikia, na dakika kumi za mwisho nachagua matatu, nayaandika ubaoni bila jina la mtu, darasa linayatengeneza. Matatu, hata kama niliandika 30. Nachagua yanayoharibu maana au pesa: tarakimu, saa, nani alimlipa nani. Anayesema "he come yesterday" anaeleweka duniani kote, huyo namwachia mpaka baadaye. Kuazima kalamu kwa mtu na kumwazima mtu kalamu kwetu ni neno moja, kwa hiyo anayechanganya "borrow" na "lend" kwenye mambo ya mkopo, huyo namkimbilia, maana anaweza kugeuka mdai badala ya mdaiwa.

Msomaji ameona kwamba natumia Kiswahili darasani. Natumia, na sioni haya. Shule zinazoandika mlangoni kwamba hapa ni Kiingereza tu zinapata ukimya, na ukimya mwalimu mgeni huusikia kama nidhamu. Maelezo ya sarufi ya dakika 20 kwa Kiingereza kigumu, ambayo yangechukua dakika mbili kwa Kiswahili, ni wizi wa muda wa mtu. Eleza kwa Kiswahili, kifupi, kisha waache wazungumze Kiingereza muda wote uliobaki. Shida yangu na walimu wengi ni kwamba wao wenyewe ndio wanaozungumza. Weka simu yako irekodi kipindi kimoja, kisha usikilize nyumbani peke yako. Mimi nilipofanya hivyo nilitaka kuacha kazi.

Kuhusu msamiati: kadi. Kata manila vipande vidogo, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili, na boksi la viatu lenye vyumba vitano. Kadi uliyoijua inasonga chumba cha mbele na kupitiwa baada ya siku nyingi zaidi, uliyoikosa inarudi chumba cha kwanza. Mjerumani Sebastian Leitner aliueleza utaratibu huu mwaka 1972 na haujazeeka. Programu za simu zinafanya hivyohivyo, lakini muuza duka huchezea kadi huku anasubiri mteja, na simu ingemchukua moja kwa moja TikTok.

Foleni niliahidi. Darasa la jioni Dar es Salaam haliwezi kuanza kwa somo jipya. Mwenye kutoka Mbagala atachelewa, mwenye kupanda basi la mwendokasi atasema lilijaa likampita, na wote wawili wanasema kweli. Dakika 15 za kwanza ziwe marudio, ili anayechelewa akose alichowahi kukipata. Saa ya kuanza iache swala ya magharibi ipite. Sisi tulihamia saa moja usiku, na waliokuwa wakiingia nusu kipindi wakaanza kuingia mwanzo. Mwezi wa Ramadhani sogeza madarasa asubuhi au uyafunge, usijaribu kufundisha watu saa ya futari. Kina mama wenye watoto wadogo wape saa tatu asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Na ada ilipwe kwa wiki. Mtu anayepata pesa kila siku hawezi kukusanya ya miezi mitatu kwa mkupuo, lakini ya wiki anaiweka kama anavyoweka ya mchezo wa upatu kwa kijumbe. Mpe risiti kila mara, hata ya kiasi kidogo.

Wanaotaka IELTS watenge. Ule ni mtihani wenye mbinu zake, mahojiano yake ya kuzungumza ni dakika 11 hadi 14, matokeo hutumika miaka miwili tu, na anayeusomea ana tarehe na hofu. Akikaa pamoja na fundi simu wote wawili watakereka.

La mwisho ni wanaokosa. Mtu akikosa vipindi viwili mfululizo, mpigie wewe mwenyewe, siku hiyohiyo. Usimtaje kwenye kundi la WhatsApp, na usianze na ada. Muulize hali, mwambie mlifika wapi, nyamaza umsikilize. Mara nyingi ni msiba au mtoto anaumwa. Mara nyingine ni aibu ya kitu kilichotokea darasani ambacho hukukiona, na bado muda upo wa kukitengeneza. Yule mama wa vitenge sikumpigia, nilisubiri arudi.

Mwezi uliopita nilimpigia fundi simu. Alikuwa amekosa siku tatu. Alipopokea nilisikia kelele za duka na sauti ya mtu mwingine anauliza kitu kuhusu kioo. "Ticha, I am with customer," akasema kwa haraka. "He want, no, she want screen original. I call you back." Akakata.

Mpaka leo hajanipigia.